Kura Imemwangukia Thoya

Asubuhi, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, vibarua wa tangini hujipanga ukutani karibu na geti dogo, kila mmoja na chai yake kwenye chupa na mahamri kwenye kipande cha gazeti. Gona nyapara hutoka na mkebe wa maziwa ya unga. Ndani mna vifuniko vya soda, na kila kifuniko kimekwaruzwa kwa msumari herufi ya jina la mtu. Gona huvua kofia, hufanya ishara ya msalaba, hutikisa mkebe, hutazama juu kwenye nyaya za stima asije akaambiwa amechungulia, kisha hutia mkono.

"Thoya," husema.

"Naam," huitika Thoya. Huchukua kamba, ndoo na koleo, akaenda zake tangini. Thoya alikufa Kwaresima iliyopita ndani ya tangi hilohilo. Wenzake humalizia chai.

Kiwanda chenyewe ni cha mafuta ya kupikia, kiko Changamwe, upande wa reli. Tangi kubwa likishamwagwa hubaki mashapo mazito chini, na mashapo yale hutoa mvuke usioonekana wala kunuka sana. Mtu akikaa nao hulegea magoti kwanza, akili baadaye. Hakuna aliyependa kuingia. Zamani Gona alikuwa akinyoosha kidole tu, wewe ingia, na jioni watu wakamsema. Mara anawapendelea Wagiriama wenzake, mara anawaonea Wagiriama wenzake, ilitegemea nani anayesema. Na Gona ni mtu wa kanisa. Ndiye mwenyekiti wa jumuiya yao pale Chaani, Jumuiya ya Mtakatifu Mathiya, na Mathiya ndiye yule mtume aliyepatikana kwa kura baada ya Yuda kuharibu. Basi akawaambia vibarua, kama kura iliwafaa mitume, sisi itatushinda nini? Akatafuta mkebe. Tangu hapo hakuna aliyemlaumu tena. Mtu akiingia tangini, kura imemwangukia, yameisha.

Siku ya kwanza ya mkebe kura ilimwangukia Thoya. Ya pili pia. Ikaendelea kumwangukia hata wenzake wakawa wanamtania kwamba kura imemwoa, sasa Nyamvula wa nyumbani ana mke mwenza. Thoya alicheka nao. Alikuwa mtu wa maneno machache, mpole, na safari moja tu maishani mwake alikuwa amepanda ngazi za ofisi kusema jambo. Alikwenda kuuliza kama kiwanda hakiwezi kununua feni ya kupuliza hewa tangini kabla watu hawajaingia. Wakamwambia ameuliza swali zuri. Wiki hiyohiyo mkebe ulianza kazi.

Ijumaa moja ya Kwaresima wakamwita apande juu, hakuitika. Wakamvuta kwa kamba. Meneja alishuka, akamtazama, akatikisa kichwa, na Nyamvula alipofika mbio, unga wa viazi vya karai bado umemganda viganjani, akamwambia, "Mama, ni bahati mbaya."

Sasa, sisi watu wa pwani mtu akikukanyaga mguu sokoni husema bahati mbaya, nawe husema haidhuru. Akikumwagia chai, bahati mbaya, haidhuru. Mtoto hufunzwa hivyo kabla hajaota meno. Nyamvula akajibu, "Haidhuru." Mdomo ulijibu wenyewe, yeye mwenyewe alikuwa akitazama viatu vya Thoya. Lakini meneja ni mtu wa kuja, si wa pwani, akalichukua neno lile jinsi lilivyo, akapanda nalo ofisini. Mjane amesema haidhuru. Kuanzia hapo kila aliyekwenda kuulizia haki ya marehemu aliambiwa kwamba jambo lilikwisha siku ileile, kwa uungwana.

Walimpeleka kwao Bamba kumzika. Jumuiya ilichanga jeneza zuri la mbao ngumu, hanga la matanga likakaa, ngoma zikapigwa, watu wakala. Alfajiri ya kuzika, saa ileile ambayo huku Changamwe Gona alikuwa akitikisa mkebe, kifuniko cha jeneza kiliinuka. Thoya akaketi, akaulizia shati lake la kazi.

"Unakwenda wapi?" shangazi yake alimwuliza.

"Kura imeniangukia."

Shangazi akamwambia anawe uso kwanza. Kaburi likafukiwa tupu, na jeneza wakarudi nalo Chaani juu ya pikipiki ya kubeba mizigo, maana ni mbao za michango ya watu. Thoya alifika kazini jua limeshapanda. Gona akamwambia kesho awahi.

Tangu hapo mambo yamekwenda vizuri sana kiwandani. Thoya hapumui, kwa hiyo mvuke hauna pa kuingilia. Anashinda chini akikwangua, anapanda juu vilevile alivyoshuka. Ajali hakuna. Na mtu anayehudhuria kazini kila siku, walisema ofisini, huwezi ukaanza kumlipia kufa.

Jioni anarudi nyumbani. Nyamvula huwa ameshatoa karai barabarani, anakuna nazi mlangoni.

"Pole na kazi, mume wangu."

"Nishapoa."

Ndiyo jibu la kila mtu, lakini Nyamvula akimpokea ndoo hugusa vidole vyake na kuona kwamba kweli ameshapoa, wala hatapata joto tena. Thoya hali. Huketi mkekani kando ya jeneza, lililoegeshwa kwa ubavu ukutani chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na ndani ya jeneza kuku wameanza kutaga. Hutazama mlango mpaka kupambazuke. Hakuwahi kulalamika, ila jioni moja, Nyamvula akipepeta mchele, alisema bila kugeuka, "Nyamvula, nataka kulala."

"Si ulale basi."

"Siwezi. Nikifumba macho nasikia mkebe."

Nyamvula akaweka ungo chini. Hakulia. Tangu Kwaresima alikuwa hasikii chochote ndani yake, kifua kimekuwa kama chumba kilichohamwa, lakini alijua kazi ikiletwa mbele yake. Kazi ilikuwa moja tu: mume wake alale.

Akaenda kwa Padre.

Padre Lenox ni kijana wa bara, msomi, na mwaka huo alikuwa amejitolea kuling'oa neno bahati parokiani. Alihubiri kwamba anayesema bahati yangu, nyota yangu, mkosi wangu, anamwondoa Mungu kitini na kukalisha dadu. Waumini walimtii. Mtu akiteleza ulimi, wanakwaya walikohoa. Mzee Bahati wa umoja wa wanaume, ambaye aliitwa Bahati kwa sababu mamake alimzaa baada ya mimba nyingi kuharibika, aliombwa atumie jina la ubatizo, akawa Mzee Bonifasi, na kwa muda mrefu alikuwa akiitwa bila kugeuka.

"Nataka misa ya marehemu, Padre," Nyamvula alisema.

"Pole sana, mama. Nani ametutoka?"

"Thoya wangu."

Padre akafikiri. "Thoya nilimwona Jumanne akivuka reli."

"Ndiyo, alikuwa anakwenda kazini."

"Sasa mama, hapo kuna ugumu. Misa ile ni ya kumwombea mtu apumzike. Nikimwombea raha ya milele naye yuko zamu, nitakuwa nadanganya altareni. Apate ruhusa kazini kwanza, hata ya siku moja, halafu uje tupange."

Nyamvula akakubali kwamba hilo lina maana. Akasimama, akaketi tena.

"Padre, kule walisema ni bahati mbaya."

"Kwa Mkristo hakuna bahati, mama. Kuna Mungu anayejua kila kitu."

"Basi ni Mungu aliyemtaka Thoya tangini."

"La, sikusema hivyo."

"Basi nani?"

Dirishani kunguru walikuwa wakigombea kitu juu ya mabati. Padre Lenox akawaangalia muda mrefu kuliko kunguru wanavyostahili. "Kura si dhambi," akasema mwishowe. "Kura ya haki, Mungu anaweza kusema ndani yake, kama alivyosema kwa mitume. Kura ya hila, anayesema humo ni binadamu." Kisha akamwuliza mbona siku hizi haonekani kwaya.

Gona, Nyamvula alimkuta kwenye jumuiya, rozari imekwisha, watu wakisubiri njugu. Akamwomba amtoe Thoya kwenye mkebe siku moja tu.

"Shemeji," Gona alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli, ndilo tatizo lake, "mimi si mimi. Ni mkebe. Na nikikitoa kifuniko cha Thoya, kura itamwangukia mtu mwingine. Mwingine yupi? Wote waliobaki ni wazima."

Njugu zikapita. Jael, mke wa Nguma, mmoja wa vibarua wa tangini, alikuwa amekaa kando ya Nyamvula kwenye benchi, naye akasogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake apate nafasi.

Kesho yake Jael alikuja nyumbani kwa Nyamvula na wanawake wa jumuiya, wakiwa na unga, nazi na sukari, jinsi watu wanavyokwenda kwenye msiba. Ndio waliomshonea Nyamvula nguo ya arusi. Ndio waliomshika kiuno kule hangani asianguke. Wakakaa mkekani, wakasifu kuku, wakazungumza bei ya mkaa, na mwisho Jael akalifungua jambo.

"Dada, tumesikia unamtakia Thoya misa."

"Ndiyo."

"Ni haki yako. Hatukukatazi. Tunakuomba usiharakishe tu." Akawa anaviringisha ncha ya leso kidoleni. "Thoya hapumui, dada yangu. Nguma wangu ana pumu. Hata juu ya ardhi anapumua kwa kuazima. Akiingia mle hatoki."

"Najua," Nyamvula alisema.

"Thoya hapati dhara tena."

"Hapati usingizi."

Jael akainamisha uso. Alikuwa akilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli pia. Nyamvula akayatazama yakidondoka kwenye leso, akaona ajabu kwamba bado kuna watu wana maji ya namna ile. "Subirini niwapikie chai," akasema.

Mwezi ule parokia ilikuwa inatafuta mabati ya ukumbi, na kamati ikataka bahati nasibu. Jina likaleta taabu. Padre Lenox alieleza kutoka altareni kwamba mchezo wa namna hiyo si dhambi, ilimradi unachokitoa ni chako, watoto hawatalala njaa, na hakuna anayedhulumiwa katika kuchota. Ila jina lile hapana. Mabango yakabandikwa yameandikwa Neema Nasibu. Watu wakanunua tiketi vilevile.

Zawadi ya kwanza ilitolewa na kiwanda. Ilikuwa feni, si ya kuning'inia sebuleni, ni ya miguu minne, pana kama mlango, na mdomo wake una bomba refu la kitambaa cha njano lililokunjwa kama utumbo. Kwenye sanduku lake palichorwa mtu akiteremka shimoni na mshale wa hewa ukimfuata. Kiwanda kilikuwa kimeinunua baada ya Thoya kufa, kwa hofu. Ilipofika, Thoya alikuwa ameshazoea, hofu imekwisha, nayo ikakaa stoo inaziba njia.

Iliwekwa kanisani mbele ya grota, pango la Bikira Maria. Nyamvula alisimama hapo, akamtazama yule mtu wa kuchorwa. Kisha akanunua tiketi moja. Hakuandika jina lake. Aliandika Thoya, maana kama kuna kitu alichojifunza mwaka ule, ni kwamba jina lile likitiwa chomboni hutoka.

Jumapili ya kuchota, Mzee Bonifasi alitia mkono kwenye ndoo mpya ya plastiki, akainua karatasi, akaisogeza mbali na macho.

"Thoya."

Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wameshaanza kupiga kabla hajasoma. Padre akaitazama karatasi, akaitazama ndoo, akatangaza kwamba neema imemshukia ndugu yetu Thoya, ambaye kwa sasa yuko kazini. Akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele kwa ustaarabu.

Jumatatu alfajiri Nyamvula alimkodi Abubakar hamali na mkokoteni wake. Abubakar anamfahamu tangu alipokuwa akinunua viazi vyake jioni za mfungo wa Ramadhani, na huwa hana simile kwa maneno.

"Mama, feni hii waipeleka wapi? Hii si ya nyumba."

"Kiwandani."

"Kiwandani si ndiko itokako?"

"Ndiko."

Abubakar akaisoma picha ya sandukuni. "Astaghfirullah," akasema. "Basi hii ndiyo dawa yake khasa. Twende, kabla hawajamshukisha." Akakamata mikono ya mkokoteni, akausukuma kwa nguvu mpaka geti dogo, akitukana kila shimo kwa jina la mwanasiasa aliyeliahidi lami.

Vibarua walikuwa ukutani na chai zao. Thoya alikuwa mwishoni mwa mstari, hana chai. Gona alikuwa ametoka na mkebe. Kofia ameshaivua.

"Nimeleta feni," Nyamvula alisema. "Ifungwe tangini. Aingie mtu anayepumua, apulizwe hewa, asife. Na Thoya nimchukue akalale. Padre amesema akipata siku moja, misa itasomwa."

Ni maombi mafupi, na kila mtu pale ukutani aliyaelewa. Nguma aliinua kichwa, na usoni mwake mlipita kitu kama matumaini. Gona akaweka mkebe juu ya sanduku, akapanda ofisini. Aliporudi alikuwa na meneja, naye meneja alitabasamu, akampa Nyamvula mkono.

"Hongera, mama. Ni bahati yako. Lakini hii ni zawadi ya kanisa, sisi hatuwezi kuichukua tena, itaonekana vibaya. Tena tangu Kwaresima hatujapata ajali hata moja. Mfumo wetu unafanya kazi." Kisha akapunguza sauti, kwa huruma. "Na wewe mwenyewe, mama, si ulisema haidhuru?"

"Ulikuwa mdomo, bwana."

Meneja akatikisa kichwa. Akarudi juu.

Nyamvula akauchukua mkebe. Gona alikuwa karibu kabisa, angeweza kuushika, hakuushika. Akaumwaga juu ya sanduku la feni, vifuniko vikalia kwenye mbao. Akakigeuza kimoja kwa kidole. T. Akakigeuza kingine. T. Kilichofuata T. Aliendelea kugeuza kwa utaratibu, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele, hata kile cha mwisho kabisa, kilichobingirika mpaka karibu na mguu wa Abubakar. Abubakar akamwokotea. T.

Pale ukutani kila mtu alikuwa akitazama chupa yake. Nguma akakohoa. Hapo Nyamvula akafahamu kwamba wote wanajua, na kwamba Jael alijua alipokuwa akilia mkekani kwake.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku ya kwanza, shemeji," Gona alisema. "Nilivikwaruza mwenyewe. Alikuwa ameulizia feni. Niliambiwa aingie yeye mpaka swali limtoke, lakini isionekane ni mtu aliyemwingiza."

"Na ile ishara ya msalaba?"

Gona akageuza kofia mikononi. "Ile ni ya kweli," akasema.

Nyamvula akamgeukia mume wake. Thoya alikuwa ameshabeba kamba begani. Alivitazama vile vifuniko kama mtu anavyotazama sahani za nyumbani kwake.

"Ulijua?"

"Asubuhi ile ya kwanza Gona aliangusha viwili. Nikamwokotea."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema nitasema kesho."

Akaona aibu, Nyamvula, aibu kubwa, na hakujua ni ya nani. Ndicho kitu cha kwanza alichokisikia kifuani tangu Kwaresima. Alitamani kingekuwa kitu kingine.

Gona alitoa mfukoni vifuniko vipya, safi, vya kutoka kantini, na msumari. Akaviweka mbele yake. "Kwaruza wewe, shemeji. Herufi unayotaka. Haki ya Mungu nitachota itakayotoka. Nimechoka mimi."

Nyamvula akaushika msumari. Alimwangalia Nguma, na kichupa cha pumu cha kupuliza kinywani kikichomoza mfukoni mwa shati lake. Akamwangalia aliye kando yake, kijana wa Miritini aliyeoa juzi, jumuiya yote ilikula pilau yake. Akamwangalia anayefuata. Kila mmoja alipoangaliwa alijinyoosha kidogo, kama watu wanaopigwa picha. Walikuwa na herufi zao zote, nzuri, rahisi kukwaruza. Thoya alisubiri. Hakumwambia waache wala usiwaache.

Chai zikapoa ukutani. King'ora kikalia.

Basi Nyamvula akaweka msumari chini. Akaokota vile vifuniko vya T, akavirudisha mkebeni, na mlio wake haukuwa tofauti na mlio wa siku zote. Akampa Gona mkebe. Gona akavua kofia, ingawa hakuwa ameivaa, akafanya ishara ya msalaba, akatikisa, akatazama nyaya za stima.

"Thoya."

"Naam."

Akaenda.

Abubakar alikohoa, akatema mate pembeni ya barabara. "Haya mama. Na hii twaipeleka wapi sasa?"

Waliipeleka kanisani. Padre Lenox aliipokea kwa furaha, akaifungisha kwenye nguzo karibu na kwaya, lile bomba la njano likakunjwa nyuma lisiwatishe watoto. Nyamvula alimngoja amalize kupima waya.

"Padre, ulisema kweli. Haikuwa bahati."

"Nimefurahi umeelewa, mama."

Akamsimulia mkebe, tangu mwanzo. Padre alisikiliza amesimama, mkono kwenye swichi. Nyamvula alipomaliza, Padre akasema ni jambo zito, ataliombea. Jumapili alihubiri juu ya kusameheana, akahubiri vizuri, sauti ikimkatika mahali. Gona alipitisha kapu la sadaka kama kawaida, akifika kwa Nyamvula akalishusha taratibu. Jael alikuwa mstari wa mbele, ushungi wake ukipepea. Watu wote walikubaliana kwamba kanisa limekuwa na hewa nzuri.

Jioni ya siku hiyo Thoya alirudi. Nyamvula hakuwa akikuna nazi. Alikuwa amewatoa kuku jenezani, mayai ameyaweka kwenye beseni, akapangusa mavi na manyoya, akatandika kanga ndani, ile ya arusi. Jeneza amelilaza chini.

Akampokea ndoo. Kila jioni alikuwa akisema pole na kazi. Leo alimwambia, "Pole, Thoya."

Ndilo neno ambalo hakuna aliyemwambia yeye, si ofisini, si getini. Walisema bahati mbaya, wakasema neema, wakasema kura. Thoya alisimama mlangoni na mikono yake mitupu, mafuta yakimng'aa kwenye shingo.

"Bado," akasema. "Sijapoa."

Akaingia jenezani, akajilaza chali, Nyamvula akaketi mkekani kando yake, akamshika mkono. Thoya hakufumba macho. Kulipokaribia kupambazuka, upande wa kiwandani mtu alitikisa kitu kwenye bati, na Thoya akaketi. Alitoka taratibu, akarudishia kifuniko vizuri kuku wasije wakachakura kanga, akavaa shati lake, akaenda kuitwa.